Kivu Hufungwa kwa Kalenda, Kisite kwa Mpaka

Mtu wa Rwezamenyo, Kigali, anayetaka kuona pomboo ana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake, hata akienda kwa ndege. Safari ya mbali namna hiyo hupangwa miezi kabla: akiba ya kikundi, nauli, hoteli, ruhusa kazini. Ajabu ni kwamba siku yenyewe ya bahari, ile iliyowatoa watu nyumbani, huachiwa bahati. Kikundi cha watu sita au wanane hukodi mashua, hutaja mambo matatu wanayoyataka (kuogelea mwambani kwa miwani na mrija, kuvua samaki, kuona wanyama wa baharini), kisha humwachia nahodha yaliyobaki. Jioni kikundi kimoja hurudi kimeridhika, kingine kimechomwa na jua bure, na watu husema bahari ina siku zake.

Bahari ina siku zake kweli, lakini siku hizo huhesabika. Mambo matatu wanayoyataka abiria hawa yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Anayevua anapunguza samaki ambao mwenzake amevaa miwani kuja kuwatazama. Injini inayowafikisha watu kwa pomboo ndiyo inayowanyima pomboo mapumziko. Ili yote matatu yaingie katika siku moja bila kuharibiana, kila moja linahitaji mahali pake na saa yake. Kisite-Mpunguti, kusini mwa pwani ya Kenya, ni mahali pazuri pa kuona kazi hiyo inavyofanyika, na msomaji wa Rwanda ana cha kuilinganisha nayo hapa hapa nyumbani.

Ramani kwanza, mashua baadaye

Safari huanzia Shimoni, kaunti ya Kwale, upande wa kusini wa Mombasa na karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele ya gati, ng'ambo ya mlango wa bahari, kimelala kisiwa cha Wasini chenye vijiji viwili vinavyojulikana zaidi, Wasini yenyewe na Mkwiro. Nyuma ya Wasini, kuelekea bahari kuu, vipo Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini. Mbele zaidi kuna Kisite, kisiwa kidogo kikavu cha jiwe la matumbawe, chenye fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa na kufunikwa yakijaa.

Ukiangalia maji, ni bahari moja. Kisheria ni tatu. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite ina kilomita za mraba 28, na ndani yake hakitolewi kitu: samaki, kombe, wala kipande cha tumbawe lililokufa. Hifadhi ya akiba ya Mpunguti, kilomita za mraba 11, inaruhusu uvuvi wa asili, yaani mshipi, madema na zana nyingine za namna hiyo. Nje ya hizo mbili ni bahari ya kawaida, inayosimamiwa kwa sheria za uvuvi na, tangu kanuni za mwaka 2007, na vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, maarufu kama BMU. Hifadhi hizo zilitangazwa mwaka 1973, zikatangazwa upya mwaka 1978, na leo ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS.

Kwa hiyo mashua yenye ndoana kwenye sanduku na miwani kwenye kapu huvuka mistari isiyoonekana mara kadhaa kwa siku. Abiria hahitaji kuijua kwa nyuzi na dakika. Anahitaji kujua kwamba ipo, na kwamba nahodha wake anaijua.

Kwa nini mpaka, na si msimu

Hapa ndipo mtu wa Rwanda anapoweza kuuliza swali zuri. Kwenye Ziwa Kivu uvuvi hufungwa kwa kalenda: takriban miezi miwili vyombo hukaa ufukweni, kisha wavuvi hurudi majini usiku na taa zao na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Kwa nini Kisite nayo isifungwe miezi miwili, ikafunguliwa kumi?

Jibu limo ndani ya samaki. Mhimili wa uvuvi wa Kivu ni sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sambaza huishi kwenye maji ya wazi, hula vijidudu vinavyoelea, hukomaa ndani ya miezi na umri wake ni mfupi. Hana nyumba, popote penye chakula ni kwake. Samaki wa aina hiyo ukimpa wiki chache za kuzaa kwa amani, ziwa hujaa tena. Kalenda inamtosha.

Samaki wa mwambani ni kiumbe wa namna nyingine. Chewa huchagua shimo lake na kukaa karibu nalo miaka. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa miongoni mwao hugeuka madume, hivyo mvuvi anayetoa wakubwa tu huwa anaondoa madume wa eneo zima bila kujua. Pono naye hugeuka jinsia vivyo hivyo, na kazi yake mwambani ni kubwa: kwa mdomo wake mgumu hukwangua mwani unaotaka kulifunika tumbawe. Kikande hula urichini, viumbe wa baharini wenye miiba. Kikande wakivuliwa wakaisha, urichini huongezeka na kuutafuna mwamba hadi ukalainika na kuvunjika. Mlolongo huo umeelezwa vizuri na mtafiti Tim McClanahan, ambaye amepima miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980. Vipimo vyake vinaonyesha kuwa miamba iliyofungwa muda mrefu inaweza kuwa na zaidi ya kilo 1,000 za samaki kwa hekta, wakati ile inayovuliwa sana hubaki na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Safari ya kurudi huko juu huchukua miaka 20 hivi.

Miaka 20. Hakuna msimu wa miezi miwili unaoweza kuileta. Kwa samaki anayeshika mahali, unafunga mahali. Ndiyo maana mtu anayetia miwani Kisite huona kwa dakika tano samaki wakubwa ambao mvuvi wa nje ya mstari huenda asiwaone mwezi mzima. Na ndiyo maana mshipi mmoja "wa kujaribu tu" ndani ya mstari ni hasara ya miaka, hata kama samaki aliyenaswa ni mmoja.

Saa ya maji

Kivu haina kupwa na kujaa, na hili ndilo jambo la kwanza analopaswa kujifunza abiria anayetoka kwenye vilima vyetu. Pwani hii maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa huweza kupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Kuna kanuni ambayo kila mvuvi wa mwambao anaijua bila kitabu: siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo ndiyo wakati wa kujaa. Kutoka hapo ratiba nzima hujiandika.

Siku ya bamvua, mashua itoke Shimoni mapema. Pomboo kwanza, kwa sababu upepo bado ni mdogo na pezi la mgongo huonekana kwa mbali juu ya maji laini. Saa nne mfike Kisite: fungu la mchanga liko nje, maji ni mafupi juu ya mwamba, mwanga unapenya hadi chini na rangi zote zinaonekana. Wakati mzuri kuliko wote ni ile nusu saa maji yanaposimama kati ya kupwa na kujaa, kwa sababu mkondo hulala. Baada ya hapo maji huanza kuingia kwa nguvu, na asiye mzoefu wa kuogelea hujikuta akisukumwa mbali na chombo huku akidhani amekaa pale pale. Huo ndio wakati wa kupanda mashuani, kuvuka mstari na kutoa mishipi, kwani wavuvi wengi hupendelea maji yanayojaa, samaki wanapopanda mwambani kutafuta chakula.

Siku ya maji mafu hakuna fungu la mchanga la kupigia picha, na wengi huhisi wamepunjwa. Lakini mkondo ni mpole mchana kutwa, na maji ni marefu kidogo juu ya tumbawe, hivyo mapezi ya mpira hayagongi mwamba. Kwa kikundi chenye watu waliojifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli, ningechagua maji mafu bila kusita.

Juu ya mwezi kuna upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji meupe. Kusi, katikati ya mwaka, huleta mawimbi na maji yenye ukungu, na mwezi Mei mvua kubwa huongeza matope. Lakini nyangumi wa nundu, wanaopanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa, huonekana zaidi kati ya Julai na Septemba, kusi ikiwa kazini. Anayetaka nyangumi na maji ya kioo kwa siku moja anataka misimu miwili.

Na jambo dogo linalosumbua watu wa Kigali: Kenya iko saa moja mbele yetu. Saa tatu ya Shimoni ni saa mbili ya Rwezamenyo. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini makubaliano yaliyofanywa kwa simu ukiwa nyumbani hayajirekebishi, na saa moja ya kupwa ikishapita hairudi siku hiyo.

Kumkaribia pomboo

Katika maji ya Kisite huonekana zaidi pomboo wanaoitwa kitaalamu Tursiops aduncus, wanaokaa karibu na pwani mwaka mzima. Mara chache hutokea wale wa nundu, Sousa plumbea, walio adimu na wenye woga zaidi.

Kosa la kawaida lina mfano wake ng'ambo ya Pemba, kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa Kizimkazi walivuliwa ili wawe chambo cha papa. Utalii uliwafanya wawe na thamani wakiwa hai, na huo ulikuwa ushindi. Lakini boti zilipozidi, zikawa zinawafuata na kuwazingira huku abiria wakijirusha juu yao. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2010 walikuta kwamba boti za watalii zikiwepo, muda wa pomboo kupumzika ulishuka kutoka asilimia 38 hadi 10, na muda wa kuogelea wakihama ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 77. Mama mwenye mtoto asiyepumzika hana nguvu ya kunyonyesha. Kundi lenye hali hiyo hupungua polepole, bila mtu kumwona pomboo hata mmoja akiuawa.

Mbinu sahihi ni ya kuchosha macho, na ndiyo inayofanya kazi. Nahodha huliona kundi, hupunguza mwendo mapema, huja kwa ubavu, kisha huenda sambamba nalo kwa mwendo ule ule. Haji kwa mbele kulikata, haji kwa nyuma kulifukuza, wala haligawi kundi katikati. Boti nyingine zikiwa zimeshafika, husubiri pembeni zamu yake au huondoka. Injini ikitulia, mara nyingi pomboo huja wenyewe kuangalia chombo. Wasipokuja, basi. Dakika kumi au kumi na tano zatosha, kisha safari iendelee. Abiria anayepiga makofi na kumhimiza nahodha asogee ndiye anayeharibu, kwa sababu nahodha anajua bakshishi itatoka mfuko gani.

Mshipi mkononi

Uvuvi wa mwambani kwa mshipi ni ufundi wa kidole. Zana ni chache: uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye ubao, chubwi la risasi, ndoana moja au mbili, na chambo cha ngisi kilichokatwa vipande virefu. Mshipi hushushwa hadi chubwi ligonge chini. Utalisikia, uzi hulegea ghafla. Hapo unavuta juu kama mkono mmoja, ili ndoana isinase kwenye jiwe, na unauacha uzi upite juu ya kidole cha shahada. Changu hudonoa kwanza, mara mbili tatu, kisha huvuta. Ukikurupuka kwenye mdonoo wa kwanza umemlisha bure. Chewa hana mdonoo. Hubeba na kurudi shimoni mwake, na usipomvuta pale pale atajibana na uzi utakatika.

Mambo mawili hupambanua nahodha mzuri katika sehemu hii. La kwanza ni nanga. Nanga moja iliyoangushwa juu ya matumbawe na kuburutwa na upepo huvunja kwa dakika moja kilichokua miongo kadhaa. Mahali penye boya la kufungia, hufunga boyani. Pasipo na boya, hutafuta mchanga na kuangusha hapo. La pili ni kipimo cha samaki. Mdogo hutolewa ndoana kwa mikono iliyoloweshwa na kurudishwa, na watu wakipata kitoweo cha mlo mmoja, mishipi hukunjwa.

Hapa pia ndipo udogo wa kikundi unapokuwa hesabu halisi. Mashua ya kawaida ina nafasi ya mishipi minne au mitano bila kuchanganyika. Mwambani, kiongozi mmoja ndani ya maji anaweza kuwaangalia watu wanne hadi sita. Wakizidi hapo anawahesabu vichwa tu. Kikundi cha watu 20 kwenye jahazi kubwa kinaweza kufurahia chakula na ngoma, lakini uvuvi na uogeleaji wake utakuwa wa foleni. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mtu tangu gatini, na asiyejua kuogelea abaki nalo hata akiwa na miwani usoni. Kuelea hakumzuii kuona.

Bili ya mpaka

Hesabu ya siku hii haiishii mashuani. Mwamba wa Kisite uliwahi kuwa shamba la wavuvi wa Wasini, Mkwiro na Shimoni. Ulipofungwa, samaki waliobaki hai ndani ya mstari walilipiwa na nyumba zilizokosa kitoweo nje yake, na manung'uniko hayo hayajaisha. Ada ya kuingia hifadhini huenda kwa KWS. Kinachobaki kijijini ni kile ambacho abiria wenyewe wanakiacha: ujira wa nahodha na mabaharia wa pale pale, chakula cha mchana Wasini cha kaa, samaki wa nazi na mwani wa kukaanga, na kiingilio cha daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale na kusimamiwa na kikundi cha kina mama wa kijiji. Kikundi kinachoshuka Shimoni na chakula chake kwenye makopo kimeutumia mpaka bila kuulipia.

Mpaka nao una kikomo cha nguvu zake. Mwaka 1998 joto la bahari lilichoma matumbawe ya Afrika Mashariki yakapauka na mengi yakafa, ndani ya hifadhi na nje. Mstari wa KWS hauzuii joto. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba pono na kikande wapo kazini ili mwamba uliochomwa upate kusafishwa na kumea tena, na watu wa Mkwiro wamejiunga na kazi ya kupanda matumbawe upya kwa mikono.

Kwa yote haya, siku nzuri ya mashua inaweza kupimwa kabla ya kutuma hata faranga moja ya malipo ya awali. Mpigie nahodha umuulize: "Shikamoo mzee, tarehe hiyo maji yanakupwa saa ngapi? Tutavulia upande gani wa mpaka? Na pomboo wakiwa na boti nyingine tatu, utafanyaje?" Anayejibu kwamba kila kitu kinawezekana, saa yoyote, siku yoyote, anauza picha. Atakayekwambia kwamba tarehe uliyochagua ni ya bamvua, kwamba mtatoka saa moja asubuhi na si saa tatu, na kwamba mishipi haitafunguliwa mpaka mtoke Kisite, huyo ndiye wa kumtumia pesa.